Kutoka Mbu wa Gonja hadi Ini la Panya

Mwaka 1962 Michael Gillies, mtaalamu wa mbu aliyefanya kazi Muheza na Amani, alimpa mbu mmoja jina la milima yetu ya Upare: Anopheles parensis. Kwa macho matupu humtofautishi na Anopheles funestus, yule mkaa majumbani anayeeneza malaria. Tofauti zao ni ndogo mno, na ili uzione lazima uketi mbele ya hadubini, uwe na subira na mikono isiyotetemeka. Baba yangu alikuwa na mikono hiyo.

Aliipata kazi kwenye Skimu ya Malaria ya Pare na Taveta, iliyoanza uchunguzi mwaka 1954 chini ya taasisi ya malaria ya Amani. Kuanzia 1955 hadi 1959 nyumba za tambarare ya Upare, Gonja ikiwamo, na zile za Taveta upande wa Kenya, zilipigwa dawa ya dieldrini kwa awamu, kuta na mapaa. Wapo wazee wa Maore, hapa Gonja, wanaowakumbuka wapiga dawa na mabomba yao mgongoni. Hawamkumbuki baba, maana yeye hakupita nyumba kwa nyumba na bomba. Aliletewa mbu waliokamatwa alfajiri, akaketi mezani akawapasua.

Alinionyesha namna yake nilipokuwa msichana wa shule. Mbu akishazimishwa kwa klorofomu unamng'oa mbawa na miguu, unamlaza kwenye kioo ndani ya tone la maji ya chumvi. Sindano moja inashika kifua. Ya pili inavuta kichwa polepole, na ukiwa na bahati tezi za mate zinafuata nyuma yake, nyeupe, ndogo kiasi kwamba ukipumua vibaya umezipoteza. Humo ndimo vimelea vya malaria vinamosubiri kuingia kwa mtu. Kisha unageukia mkia, unavuta pingili za mwisho, na vifuko vya mayai vinatoka na mirija yake ya hewa. Mrusi mmoja, Tatiana Detinova, alikuwa amegundua kwamba mirija hiyo huwa imejikunja kwa mbu ambaye hajataga hata mara moja, na hunyooka baada ya utagaji wa kwanza. Kwa hiyo mtu wa mezani aliweza kusema mbu huyu ni kijana au ni mzee. Mbu wakionekana vijana watupu, dawa inafanya kazi: wanakufa kabla vimelea havijakomaa ndani yao.

Dawa ilifanya kazi. Funestus alitoweka majumbani, na nafasi yake ikachukuliwa na nduguye Anopheles rivulorum, ambaye hana shida sana na binadamu. Malaria ilishuka mno. Unyunyizaji ulipokoma mwaka 1959, ilianza kurudi taratibu. Jina la baba sijaliona kwenye karatasi yoyote ya skimu ile. Ninalisema hili bila uchungu ila kwa msisitizo, kwa sababu habari ninayotaka kuieleza hapa, ya ini la panya na namna lilivyohamishwa, imejaa watu wa aina yake, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Nilianza kwenye banda la wanyama wa maabara, kwa panya weupe na simbilisi. Huko nilijifunza kumshika panya kwa ngozi ya shingo asiumie wala asiniume, kumjua mgonjwa kwa manyoya yake kabla hajaacha kula, na kuandika kila kitu daftarini. Baadaye maisha yalinipeleka Uingereza. Miaka ya 1980 niliajiriwa kwenye maabara ya upasuaji iliyokuwa ikihamisha maini kutoka panya mmoja kwenda mwingine. Wakati ule nilidhani huu ni ufundi wa jana. Kumbe una miaka mingi, na mwanzo wake ni kifo cha rais.

Juni 1894, mjini Lyon, Rais Sadi Carnot wa Ufaransa alichomwa kisu tumboni. Kisu kilipita kwenye ini na kukata vena ya porta, yaani mshipa mkubwa unaokusanya damu yote ya matumbo na kuipeleka kwenye ini. Madaktari walikuwapo, lakini hakuna aliyejua kushona mshipa wa damu ukashikilia. Akafa usiku ule. Alexis Carrel alikuwa mwanafunzi wa udaktari katika mji huohuo, na jambo lile lilimkaa moyoni. Alikwenda kujifunza kwa mwanamke fundi wa taraza, Madame Leroudier, namna ya kutumia sindano nyembamba na uzi wa hariri. Mwaka 1902 alichapisha njia yake: mdomo wa mshipa unashikwa kwa nyuzi tatu zilizopeana nafasi sawa, duara linageuka pembetatu, na kila upande unashonwa ukiwa umenyooka. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1912. Kila niliposikia jina la Carrel likitajwa maabara nilimfikiria yule fundi wa taraza wa Lyon, aliyeketi dirishani na kazi ya wateja wake.

Kulikuwa na wazo jingine, la kutoshona kabisa. Mwaka 1900 daktari Erwin Payr alipendekeza pete ya magnesiamu: unaupitisha mshipa ndani ya pete, unaukunja mdomo wake nje kama pindo, kisha unauvisha mshipa wa pili juu yake na kufunga uzi. Magnesiamu huyeyuka mwilini polepole. Wazo la Payr lilifunikwa na sifa za Carrel kwa miongo mingi. Msomaji alikumbuke, litarudi.

Hadubini yenyewe iliingia chumba cha upasuaji kupitia sikio. Carl Nylén wa Stockholm aliitumia mwaka 1921 kwa wagonjwa wa masikio. Kwenye mishipa ya damu ilichelewa hadi 1960, pale Julius Jacobson na Ernesto Suarez, huko Vermont, Marekani, walipoitumia kuunga mishipa yenye upana wa milimita moja na kitu. Baba alikuwa ameshapasua mbu miaka kadhaa kufikia hapo.

Wakati huohuo madaktari wengine walikuwa wakihangaika na ini kwa wanyama wakubwa. Stuart Welch alipandikiza ini la ziada kwa mbwa mwaka 1955. Thomas Starzl, Chicago kisha Denver, na Francis Moore, Boston, wakaendelea na mbwa, wakitoa ini la asili na kuweka jingine pale pale. Tarehe 1 Machi 1963 Starzl akajaribu kwa binadamu, mtoto mdogo, ambaye alifia mezani kwa kutokwa damu. Mwaka 1967 ndipo alipopata mgonjwa aliyeishi zaidi ya mwaka. Mwaka uliofuata Roy Calne akaanza Cambridge.

Mbwa na nguruwe walifundisha ushonaji, lakini hawakuweza kujibu swali gumu. Ini likikataliwa na mwili, ni kwa sababu ya kinga, au mshonaji alikosea? Mbwa wawili hawafanani kamwe katika damu zao. Panya wa maabara, kwa kuzalishwa ndugu kwa ndugu vizazi na vizazi, hufanana kiasi kwamba ukihamisha ini ndani ya ukoo mmoja mwili haulioni kuwa geni. Akifa, kosa ni la mkono wako. Ukihamisha baina ya koo mbili na ushonaji ukawa salama, basi unachokiona ni kinga peke yake. Ndiyo sababu ya panya: gramu 250 za mnyama, na ini la gramu 10 hivi.

Mtu aliyeufungua mlango huo alikuwa Mkorea, Sun Lee. Alifika Pittsburgh, akafanya kazi na Bernard Fisher, na mwaka 1961 walionyesha jinsi ya kuunganisha vena ya porta ya panya na vena kava, mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Wengi walikuwa hawaamini kwamba inawezekana. Baadaye alihamia San Diego, na mwaka 1973 yeye na wenzake wakaeleza uhamishaji kamili wa ini la panya, kila mshipa umeshonwa kwa mkono chini ya hadubini. Ilikuwa kazi ya kustaajabisha, na wachache sana waliweza kuirudia. Mwaka 1975 aliirahisisha kwa kuacha kuunga ateri ya ini, maana ini la panya linaweza kuishi kwa damu ya vena ya porta. Hata hivyo ushonaji wa vena ya porta ulibaki kikwazo, na hapo ndipo pa kuelezea kwa kirefu, kwa sababu hapo ndipo panya walipofia.

Sisi Wapare tuna ndiva, bwawa dogo la kumwagilia. Maji ya kijito yanaingia usiku, yanajaa, na asubuhi zamu ikifika mlango unafunguliwa yakashuka mashambani. Ini limekaa hivyohivyo kati ya matumbo na moyo. Ukiondoa ini la panya lazima kwanza ubane vena ya porta, na matumbo hayaachi kupokea damu kwa sababu wewe umefunga njia ya kutokea. Damu inarudi nyuma, matumbo yanavimba, yanageuka rangi ya zambarau, na moyo unabaki na damu kidogo ya kusukuma. Dakika 15 panya anavumilia. Dakika 20 unaanza kuogopa. Ikipita nusu saa, karibu wote hufa hata kama umeshona vizuri kiasi gani. Fundi mwenye mikono ya dhahabu aliyechukua dakika 40 alikuwa amemuua panya wake kwa uzuri wa kazi yake.

Naoshi Kamada, Mjapani aliyekuwa Cambridge kwa Calne, alirudisha pete ya Payr. Mwaka 1979 wawili hao walichapisha njia yao. Sisi wa Gonja tunawajua Wajapani kwa skimu ya mpunga ya Ndungu. Mimi nawajua zaidi kwa pete hii. Ni kipande cha mrija wa plastiki, kifupi, chenye mkia mdogo wa kushikia. Kutengeneza pete ilikuwa kazi yangu ya kwanza pale maabara. Nilikata mrija kwa wembe mpya chini ya hadubini, nikaukwangua nje kidogo ili uzi usiteleze, nikakagua mdomo wake, na wenye kitundu au kona kali niliutupa. Daktari aliyeitumia aliangalia muda wake tu. Mimi niliangalia mdomo wa pete, kwa sababu kona kali hukusanya damu iliyoganda, na panya hufa usiku wakati daktari amelala.

Kazi yenyewe huenda hivi. Panya mtoaji analazwa kwa etha. Ini linafunguliwa kutoka kwenye utando wake, mrija mwembamba unaingizwa kwenye njia ya nyongo (panya huyu hana kibofu cha nyongo kabisa, jambo lililowashangaza wengi wetu mwanzoni), ini linaoshwa kwa maji ya chumvi ya baridi hadi linageuka rangi ya udongo mkavu, kisha linatolewa na kulazwa kwenye bakuli la barafu. Humo ndani ya baridi unaivisha vena ya porta pete yake, unakunja mdomo wa mshipa juu ya pete na kufunga kwa uzi wa hariri. Vena kava ya chini nayo hivyohivyo. Sasa panya mpokeaji. Mishipa inabanwa, ini la zamani linatoka, saa inaanza kuhesabu. Vena kava ya juu, ile iliyoshikamana na kiwambo, haina urefu wa kuvishwa pete, kwa hiyo inashonwa: upande wa nyuma kwanza, kwa ndani, kisha wa mbele, na kabla ya kufunga unajaza maji ya chumvi ili hewa isiende kwenye moyo. Halafu pete ya porta. Unafungua mdomo wa mshipa wa mpokeaji kwa koleo mbili, unasukuma pete ndani, mtu wa pili anafunga uzi, vibano vinaachiwa. Kushona kote kwa upande huu kumebadilika kuwa sekunde.

Mtu wa pili nilikuwa mimi. Kosa la kuogopwa lilikuwa kuupinda mshipa bila kujua wakati wa kuingiza pete. Ukiupinda nusu mzunguko tu, damu haipiti, na kwa juu kila kitu kinaonekana sawa. Tuliweka uzi mmoja mweusi kando ya mshipa kama alama kabla ya kuukata, ili tujue juu ni wapi. Damu ikifunguliwa ini hugeuka kutoka udongo kuwa waridi, kutoka waridi kuwa jekundu la kahawia, pande moja baada ya jingine, na baada ya muda mfupi tone la njano linachomoza kwenye mrija wa nyongo. Tone hilo likionekana hakuna aliyesema neno hadi mshipa wa mwisho umeungwa.

Kamada alichapisha mwaka 1983 uzoefu wake wa panya 530. Mtu asiyeshika vifaa hivi huiona namba hiyo kama takwimu. Mimi naiona mikono iliyotengeneza pete, iliyobadilisha takataka za vizimba, iliyompa panya maji ya sukari na kumwekea taa ya joto usiku.

Na waligundua nini? Kwamba ini si kiungo kama vingine. Calne alikuwa ameshaona kwa nguruwe, mwaka 1969, kwamba baadhi yao hulikubali ini geni bila dawa yoyote. Watu walibisha. Kwa panya wa koo safi ubishi uliisha: ini kutoka ukoo mmoja fulani lilikubaliwa na ukoo mwingine bila dawa, na zaidi ya hapo, lilimfanya mpokeaji akubali hata ngozi au moyo kutoka ukoo uleule wa mtoaji. Kamada na wenzake walieleza hayo katika jarida la Nature mwaka 1981. Ini jipya lilikuwa linaifundisha kinga ya mwili kutulia. Maabara nyingi zinatafuta hadi leo jinsi hasa linavyofanya, na kama binadamu anaweza siku moja kuachishwa vidonge anavyovimeza maisha yake yote.

Vidonge hivyo navyo vimepitia kwa panya. Saiklosporini ilitoka kwenye kuvu la udongo wa Norway, na uwezo wake wa kutuliza kinga uliwekwa wazi na Jean-François Borel na wenzake wa kampuni ya Sandoz mwaka 1976. Cambridge, daktari Mgiriki Alkis Kostakis alikuwa akihamisha mioyo ya panya na dawa hiyo haikutaka kuyeyuka. Aliiyeyusha kwa mafuta ya zeituni, na mioyo ile ikadumu. Calne akaipeleka kwa wagonjwa. Mwaka 1983 kikao cha wataalamu Marekani kikatamka kwamba upandikizaji wa ini ni tiba, umeacha kuwa jaribio. Mwaka 1991 Shiguang Qian, Pittsburgh, akaweza hata kwa panya wadogo kabisa, wale wa gramu 25, na huko sikuwahi kufika. Wembamba wa mishipa ile unanishinda hata kuufikiria.

Afrika Mashariki imo katika historia hii kwa njia ambayo mtu wa Gonja hataitarajia: nyani. Huku tunawajua kama maadui wa mahindi. Taasisi moja ya utafiti ya San Antonio, Texas, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kukusanya nyani Darajani, kando ya reli ya Mombasa, na kundi lake la Marekani lilitokana na nyani wa Kenya. Kufikia mwaka 1960 Louis Leakey naye alikuwa ameanzisha kituo cha utafiti wa nyani na kima Tigoni, ambacho leo kiko Karen, Nairobi. Tarehe 28 Juni 1992 timu ya Starzl, Pittsburgh, ilimpandikizia mgonjwa wa homa ya ini aina ya B ini la nyani, kwa kuamini kwamba virusi vile haviliwezi. Aliishi siku 70. Wa pili, Januari 1993, aliishi 26. Hapakuwa na wa tatu.

Nina msimamo kuhusu wanyama hawa na sitauficha. Nilimheshimu kila panya niliyemshika, na sikubaliani na mtu anayesema hawakuwa na maana, wala na anayesema hawakuwa na maumivu. Sheria ya Uingereza ya 1876 ilikataza kabisa kutumia mnyama hai kwa kujifunza ustadi wa mikono tu. Sheria mpya ya 1986 ililegeza jambo moja, upasuaji wa hadubini, kwa panya waliolazwa ambao hawataamshwa tena. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Mwaka 1959 Waingereza William Russell na Rex Burch walikuwa wameshaandika kwamba mtafiti atafute kwanza mbadala wa mnyama, kisha apunguze idadi, kisha apunguze maumivu. Pale nilipofanya kazi, aliyetaka kumgusa panya alianza kwa mirija ya mpira, miezi kadhaa. Naliona hilo kuwa sawa.

Nimerudi Gonja sasa. Wagonjwa wa ini wapo: wa homa ya ini B walioambukizwa kabla chanjo haijaanza kutolewa kwa watoto wa nchi nzima mwaka 2002, na wanaokula mahindi yenye ukungu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara kwa kuharibu maini yao. Figo ilipandikizwa Muhimbili kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, Machi 2018. Wa ini bado hupanda ndege kwenda India, kama ana pesa na ndugu wa kumgawia kipande.

Siku hizi hunijia kijana wa udaktari, mtoto wa jirani, anayetaka kujifunza kuunga mishipa. "Shikamoo bibi, nimeleta," husema, na mkononi ana paja la kuku kutoka sokoni Maore. Ndani yake, kando ya mfupa, kuna ateri yenye upana wa milimita moja hadi mbili. Nimempa hadubini ya zamani, koleo mbili, uzi wa nambari 9-0. Wiki iliyopita aliiunga kwa nyuzi nane na rangi niliyoisukuma kwa sindano haikuvuja. Nikamwambia aikate, aiunge tena, safari hii kwa saa mezani.